Matabaka ya Rangi Kuukuu Katika Boti ya Faiba

Mtu akipita katika ufuko wa Kunduchi wakati wa maji kupwa ataona vyombo vya namna mbili vimelala ubavu juu ya mchanga. Vya kwanza ni vile tulivyorithi kwa wazee wetu, yaani ngalawa na mashua za mbao. Vya pili ni boti za faiba, ambazo idadi yake huongezeka kila mwaka katika pwani yetu na katika maziwa pia. Vyote vimepakwa rangi, na kwa hiyo mtu asiyekuwa na habari hudhani kwamba kazi ya kuondoa rangi kuukuu ni moja kwa vyote. Dhana hiyo imekwisha kuwatia watu hasara, na mfano mmoja niliushuhudia mwenyewe.

Kikundi kimoja cha wavuvi kilinunua boti ya faiba yenye urefu wa meta saba, ambayo ilikwisha kutumiwa na watu wengine kwa miaka mingi. Waliipaka rangi ya buluu mara mbili katika muda wa mwaka mmoja, na mara zote mbili rangi ilibambuka. Mzee aliyekuwa fundi wao, ambaye ametengeneza mashua tangu ujana wake, alinijia kwa sababu mjukuu wake ni mwanafunzi wangu. “Mwalimu,” akasema, “rangi hii imetushinda. Twaipaka leo, mwezi haupiti, inatoka kama gamba la nyoka. Tumenunua madebe manne sasa.” Nilipokwenda kuitazama boti, nilikuta kwamba fundi mwingine kijana alikwisha anza kuiondoa rangi kwa kostiki soda, kama ilivyo desturi kwa milango na madirisha ya mbao. Alikuwa ameipaka sehemu ndogo tu, kiasi cha viganja viwili, akaiacha mpaka asubuhi. Sehemu hiyo nitairudia baadaye, maana ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Faiba ni kitu gani?

Neno faiba hutumiwa na mafundi kwa maana ya mchanganyiko mzima, lakini kwa kweli faiba zenyewe ni nyuzinyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele wa mtu, zilizofumwa kama kitambaa au kutandazwa kama mkeka. Nyuzi hizo huloweshwa kwa rezini ya poliesta, ambayo ni majimaji mazito kama asali. Kabla ya kutumiwa, rezini hutiwa kiasi kidogo cha peroksaidi. Hapo molekuli zake, zikisaidiwa na molekuli za stairini zilizomo ndani yake, huanza kushikana, na baada ya saa chache majimaji yale huwa yabisi. Ni katika miaka ya 1940 ndipo boti za kwanza za namna hii zilipoundwa, huko Marekani.

Boti hutengenezwa katika kalibu, na kazi huanza nje kuelekea ndani. Kwanza kalibu hupakwa nta ili boti isigande humo. Kisha hupakwa tabaka la rezini iliyotiwa rangi, lisilo na nyuzi, ambalo mafundi huliita jelikoti. Unene wake ni nusu milimeta hivi. Ndipo nyuzi na rezini hufuata, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo ule uso unaong’aa wa boti mpya ni jelikoti, wala si rangi iliyopakwa juu. Jelikoti ndiyo ngozi ya boti. Kazi yake ni kuzuia maji ya bahari yasizifikie nyuzi, na mtu anayeondoa rangi kuukuu hana budi kukumbuka wakati wote kwamba chini ya msasa wake kuna ngozi ya nusu milimeta tu.

Kuyasoma matabaka

Boti iliyotumika miaka ishirini yaweza kuwa na matabaka saba au zaidi juu ya jelikoti, yaliyopakwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa rangi aliyoipata dukani siku hiyo. Rangi mpya haishiki kwa nguvu zake yenyewe tu. Hushika kwa kadiri ya tabaka dhaifu kuliko yote yaliyo chini yake. Basi kabla ya kununua debe la tano ilitupasa kujua tabaka dhaifu lilikuwa lipi.

Swali la kwanza nililomwuliza mzee halikuhitaji kemia: rangi inabambuka wapi? Tukaizunguka boti pamoja. Juu ya mstari wa maji rangi ya buluu ilikuwa imara, hata kucha haikuweza kuingia. Chini ya mstari wa maji ilikuwa inaning’inia vipande vipande. Rangi ni ile ile, mpakaji ni yule yule, siku ni ile ile. Kumbe kosa halikuwa katika rangi mpya wala katika mkono wa mpakaji, bali katika kitu kilichokuwapo chini ya mstari wa maji na hakikuwapo juu yake.

Jaribio la pili laweza kufanywa na mwanafunzi yeyote. Chukua msasa wa maji wa namba 220, uloweshe, kisha usugue kwa mzunguko mahali pamoja mpaka utokeze kishimo cha duara kama kisahani, chenye kipenyo cha milimeta 40. Acha kusugua mara unapoiona jelikoti katikati. Matabaka yote yatajionyesha kama duara ndani ya duara, mithili ya gogo la mti lililokatwa: duara la nje ni rangi ya mwisho kupakwa, na la katikati ni la kale kuliko yote.

Hapa kuna hesabu ndogo inayofaa kufundishwa darasani. Tuseme kishimo kina kina cha nusu milimeta katikati. Toka ukingoni mpaka katikati ni milimeta 20. Basi mteremko wake ni 0.5 kwa 20, yaani 1 kwa 40. Tabaka la rangi lenye unene wa milimeta 0.05, ambalo likikatwa wima jicho halilioni sawasawa, litaonekana juu ya mteremko huo kama pete yenye upana wa 0.05 mara 40, yaani milimeta 2. Bila darubini tumelikuza mara arobaini. Ni kweli kwamba kishimo cha mkono hakiwi na mteremko ulionyoka kabisa, kwa hiyo hesabu hii hutupa makadirio tu. Lakini kwa kuhesabu matabaka na kuyapanga kwa mfuatano, inatosha.

Katika boti ya mzee tulihesabu, chini ya mstari wa maji, matabaka matano juu ya jelikoti: buluu mbili mpya, chini yake tabaka nene la rangi ya matofali, kisha kijani iliyokoza, kisha tabaka jembamba la kijivu. Juu ya mstari wa maji ile rangi ya matofali haikuwapo.

Wavu na lundo la kamba

Baada ya kuyahesabu matabaka, lazima kujua kila moja limetengenezwa kwa kitu gani, maana rangi mbili za kijani zaweza kufanana kwa macho lakini zikatofautiana kama mafuta na maji. Hapa kemia ya polima hutusaidia.

Rangi kavu ni molekuli ndefu sana zilizoshikilia chembechembe za kutia rangi. Katika aina fulani za rangi molekuli hizo zimelala tu pamoja, kama kamba zilizorundikwa chomboni. Zimesokotana, lakini hazikufungwa. Ukileta kiyeyushi kinachofaa, molekuli zake ndogo hupenya katikati ya kamba na kuzitenganisha, na rangi huyeyuka tena kama ilivyokuwa debeni. Rangi za vinili, za akriliki na za mpira uliotiwa klorini ni za jamii hii. Katika aina nyingine molekuli zimefungwa mafundo, na kuwa wavu. Wavu hauyeyuki hata ukiloweshwa namna gani. Mwisho wake ni kuvimba. Rangi zinazouzwa kwa makopo mawili ya kuchanganywa, kama vile epoksi na poliuretani, ni nyavu zenye macho madogo sana. Rangi ya mafuta ya kawaida, iitwayo alkidi, iko katikati: ni wavu, lakini wenye macho mapana.

Kwa hiyo jaribio ni jepesi. Lowesha pamba kwa maji, ibonyeze juu ya pete ya tabaka unalolichunguza, kisha usugue. Ikiwa pamba imepata rangi, hilo ni tabaka laini linalomomonyoka majini. Kama sivyo, jaribu spiriti ya kuchomea: ikilainisha, yaelekea ni rangi ya maji ya kupakia nyumba, nayo haifai kabisa chini ya boti. Halafu tumia tina ya rangi za magari kwa dakika moja hivi. Rangi ya jamii ya kamba itayeyuka na kuipaka pamba. Alkidi itavimba na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Epoksi na poliuretani hazitabadilika. Tina haraka huwaka moto, na mvuke wake hulevya. Jaribio lifanywe penye upepo, mbali na sigara na jiko, na kiasi kitumiwacho kisizidi kifuniko kimoja cha chupa.

Tulifanya hivyo kwa boti ya mzee. Buluu zilijikunja: alkidi. Rangi ya matofali ilitoka kwa maji matupu, ikaipaka pamba na vidole vyetu. Kijani iliyeyuka kwa tina. Kijivu haikutikisika.

Rangi iliyoundwa ili ife

Rangi ya matofali ndiyo iliyokuwa adui, ingawa haikuwa na kosa lolote. Ni rangi ya kuzuia viumbe vya bahari. Chombo kikikaa majini siku chache hushikwa na ukoga, halafu mwani, halafu wanyama wadogo wenye magamba makali, na boti iliyokuwa nyepesi huanza kunywa petroli kupita kiasi. Wazee wetu walipambana na mambo hayo kwa kuvipandisha vyombo pwani, kuvichoma kwa moto wa makuti na kuvipaka deheni ya chokaa na mafuta. Rangi za viwandani hutumia sumu, na aghalabu sumu hiyo ni oksaidi ya shaba, ambayo ndiyo huipa rangi wekundu wa tofali.

Ili sumu itoke kidogo kidogo, kishikizo chake hutengenezwa makusudi ili kiliwe na maji. Mara nyingi hutiwa utomvu wa misonobari, ambao ni asidi hafifu. Maji ya bahari, kwa upande wake, yana ualikali kidogo. pH yake ni karibu 8.1. Asidi ile na maji yale huungana na kufanya kitu cha jamii ya sabuni, na sabuni huondoka na maji. Sasa msomaji ameona jinsi mambo yalivyokuwa. Mzee alipaka rangi ngumu juu ya tabaka lililoundwa ili limomonyoke, na maji yakapenya katika vitundu vya rangi ya juu na kuendelea na kazi yao huko chini. Ni sawa na kujenga nyumba ya matofali juu ya sabuni.

Mwalimu akitaka kuwathibitishia wanafunzi kwamba shaba imo, na achukue maparuzo kiasi cha ncha ya kisu, ayatie katika neli ya majaribio pamoja na amonia iliyochanganywa na maji, aitikise na kuiacha wazi. Mwanzoni kiowevu huwa hakina rangi ya kutajika. Kisha oksijeni ya hewani inapoingia hugeuka buluu, tena buluu ya kupendeza. Kupima madini ya risasi, yaliyokuwa yakitiwa katika rangi nyingi za zamani, kuna mtego wake: sodiamu salfaidi hugeuka nyeusi penye risasi, lakini hugeuka nyeusi pia penye shaba. Jaribio hilo lifanywe tu kwa tabaka ambalo amonia imekwisha kuonyesha kwamba halina shaba.

Kuna sumu moja ambayo vifaa vya shule haviwezi kuigundua. Toka miaka ya 1960 rangi nyingi za vyombo zilitiwa kampaundi za bati ziitwazo tributili. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wanaofugwa waliharibika magamba na kushindwa kuzaa, na mwaka 1982 nchi hiyo ilipiga marufuku rangi hizo kwa vyombo vidogo. Uingereza ilifuata mwaka 1987. Iligunduliwa kwamba konokono wa kike wa baharini huota viungo vya kiume hata pale kampaundi hizo zinapokuwa gramu moja tu katika lita bilioni moja za maji. Mkataba wa kimataifa wa kuzikataza ulipitishwa tarehe 5 Oktoba 2001, na ukaanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008. Lakini mkataba hauibambui rangi iliyokwisha pakwa. Tabaka kuukuu katika boti ambayo historia yake haijulikani lapaswa kuhesabiwa kuwa na sumu.

Kuondoa bila kuchuna ngozi

Turudi sasa kwa ile sehemu ya viganja viwili. Kila mwanafunzi wa kemia aliyewahi kutengeneza sabuni anajua kwamba mafuta ya nazi yakichemshwa na kostiki soda hukatika. Kinachokatwa ni kiungo kiitwacho esta, ambacho hupatikana asidi na alkoholi zinapoungana. Rangi ya alkidi imeundwa kwa mafuta ya mimea na imejaa viungo vya esta, ndiyo maana kostiki soda huibambua vizuri sana mlangoni. Lakini neno poliesta maana yake ni nini kama si “esta nyingi”? Jelikoti na rezini ya boti zimeshikiliwa kwa viungo vile vile. Kostiki soda haichagui. Ilipomaliza rangi iliendelea na boti. Asubuhi ile kijana alikuta mahali palipokuwa pakingaa pamekuwa peupe na pakavu kama chaki, na ukipapasa unasikia nyuzi chini ya kidole. Sikumlaumu, mlangoni alikuwa na haki.

Moto nao haufai. Mbao hustahimili kuchomwa kwa makuti, lakini rezini ya poliesta hulainika baina ya nyuzi 60 na 100 za sentigredi kutegemea aina yake, na ikizidi huwaka kwa moshi mweusi. Dawa kali za kuondolea rangi zenye kloridi ya methilini hupenya wavu wowote, pamoja na wa jelikoti. Isitoshe, mvuke wake ukivutwa hugeuzwa na mwili kuwa kaboni monoksaidi, gesi ile ile iuayo watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Zipo dawa za polepole ambazo hutengenezwa mahsusi kwa faiba. Ni ghali, na katika boti ya mzee hatukuzihitaji.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza tulitandaza turubai chini ya boti ili kisimwagike kitu mchangani. Kisha tuliikwangua kwa bamba la chuma ambalo pembe zake tulizisaga zikawa mviringo, maana pembe kali hutia mikwaruzo inayofika nyuzini. Kila kitu kilifanywa hali kimelowa. Msasa mkavu juu ya rangi ya shaba hutoa vumbi lisiloonekana, ambalo huingia mapafuni pamoja na vipande vya kioo, na barakoa za kitambaa tulizozizoea tangu mwaka 2020 hazizuii vumbi hilo. Buluu na rangi ya matofali zilitoka kwa siku mbili. Kwa kijani tulitumia msasa wa maji wa namba 80, kisha 120. Tungeweza kutumia tina, lakini kwa eneo la meta mraba kadhaa katika jua la Kunduchi ningekuwa nawavutisha sumu watu wazima na watoto wao waliokuja kutazama.

Tulipoifikia kijivu, kijana akataka kuendelea. Nikamzuia. Tabaka hilo lilikuwa epoksi, praima ya makopo mawili, na tulipoligonga kwa mpini wa bisibisi lilitoa mlio mkavu kila mahali, pasipo ule mlio wa kuvia unaoashiria kwamba limeachana na jelikoti. Tabaka lililo zima halina haja ya kuondolewa. Hilo ni jambo ambalo watu wengi hulisahau wakisha kushika msasa. Tulilikwaruza kidogo tu ili rangi mpya ipate pa kushika.

Sehemu iliyoliwa na kostiki soda tuliiosha kwa maji mengi, tukaiacha wiki nzima ikauke, kisha tukaijaza kwa epoksi, ambayo viungo vyake si vya esta. Mzee akauliza kwa nini boti zote zisitengenezwe kwa epoksi basi. Nikamtajia bei yake. Akacheka, akaendelea na kazi.

Rangi mpya imekwisha kaa misimu miwili ya kaskazi bila kubambuka. Maparuzo tuliyokusanya katika turubai yalijaa viroba viwili. Baharini hayawezi kutupwa, wala jalalani ambako mvua itayachukua mpaka baharini, na kuyachoma ni kuitawanya sumu hewani. Nimeyafungia ndani ya pipa la plastiki lenye kifuniko katika stoo ya maabara yetu, na juu yake nimeandika tarehe na neno “shaba”.